Siku babu alipomsahihisha padri

Nilikuwa darasa la sita, na ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo pale Mtandi, Masasi. Kanisa kuu lilijaa mpaka mlangoni, ubani umetanda hadi viti vya nyuma tulikokaa mimi na babu. Kati ya miguu yangu kulikuwa na kikapu cha mbaazi na karanga. Baada ya misa vyakula vyote vilivyotolewa vingepelekwa Mkomaindo, hospitali iliyoanzishwa na Misheni, yaani UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, kwa wagonjwa wasio na ndugu wa kuwapikia.

Padri alikuwa kijana, mgeni kwetu. Alihubiri historia: Askofu Edward Steere alivyotoka Unguja mwaka 1876, akashukia Lindi, akapanda bara hadi Masasi. Akamtaja Chauncy Maples, mmisionari aliyekiongoza kituo cha Masasi baadaye. Akafika kwa Dk. Leader Stirling, aliyekuja 1935 na kupasua wagonjwa kule Lulindi chini ya paa la nyasi. Babu, katekista mstaafu, akaanza kukohoa. Nilikijua kikohozi kile. Hakikuwa cha kifua.

Tulipotoka alimngoja padri mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, baba. Umehubiri vizuri. Lakini huyo Askofu, mizigo alijibebea mwenyewe?”

Padri akacheka. Babu hakucheka. Akamweleza, kofia mkononi, kwamba Steere aliongozana na watumwa waliokombolewa, waume kwa wake, wengi wao wenyeji wa bara, Wayao na watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao. Walipofika Masasi, wakaona maji na ardhi nzuri chini ya majabali, wakasema hapa panatutosha. Ndio waliofyeka, wakajenga, wakalima. “Kanisa lilianzia majembeni mwao,” alisema, akikinyooshea kidole kikapu changu kana kwamba kilikuwa ushahidi mahakamani.

Halafu akafika 1882, nami nikajua chakula cha mchana kimechelewa. Mwaka ule Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliivamia Masasi, wakaua, wakateka watu. Waliowahi kuuzwa mara moja wakajikuta kambani tena! Maples akahamishia kituo Newala. “Na Padri Cecil Majaliwa mbona hukumtaja? Mtumwa aliyekombolewa, padri Mwafrika wa kwanza wa Misheni, 1890. Alichunga watu Chitangali.”

Nadhani babu alimwonea kidogo. Kijana yule alisema alichofundishwa, na vitabu vingi vya Misheni viliandikwa ili wafadhili wa Uingereza waendelee kuchanga. Mfadhili hupenda kusoma habari za mtu wao. Hata hivyo padri hakubisha. Alivua kanzu ya misa, akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa kikapu, mimi upande wa pili, tukashuka na watu wengine.

Wodini, mama mmoja mzee alichota mbaazi kwa kiganja, akazipepeta mkononi, akaondoa iliyotobolewa na wadudu, akaitupa dirishani bila kusema neno. Muuguzi wa zamu alikuwa Mngoni wa Songea. Babu alipomweleza tulikuwa tukizungumza nini njiani, akapiga makofi.

“Enhe, babu! Na sisi mtatusamehe lini?”

“Lipeni kwanza,” babu akamjibu mtani wake. “Anza na chai.”

Akaletewa, akaulizia sukari.