Maua mekundu yanasumbua kuliko yote, na usaidizi uko kwa watu wanaoiangalia picha yako

Ukipiga picha ya waridi jekundu afu ukaiangalia kwenye skrini, mara nyingi utaona petali zimeungana zote zikawa kitu kimoja, mikunjo haipo, vile vishipa vyembamba havipo, ni wekundu tu umetapakaa. Watu wengi hapo wanalaumu lenzi. Lenzi haihusiki kabisa! Sensa ya kamera inasoma rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, sasa kwenye ua jekundu ile nyekundu inajaa mapema sana wakati hizo mbili bado ziko chini, na histogramu ya jumla, ule mchoro wa kamera unaoonesha mwanga umejaa kiasi gani, inakuonesha kila kitu kiko poa. Ndo maana mi nasisitiza washa histogramu ya rangi tatu, ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia punguza ekspoja, yaani mwanga unaoingia kwenye picha, kidogo upige tena.

Na piga RAW jamani, lile faili ghafi lenye kila kilichosomwa na sensa, sio JPEG ya kawaida. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inazo 16,384, kwahiyo ukija kuediti una pa kushika. Afu ukifika kwenye kuediti fanya kinyume cha unachotamani, yaani badala ya kuongeza saturesheni (ukali wa rangi) ili ua liwake, shusha saturesheni ya nyekundu peke yake, taratibu, uku umezuumu kwenye petali moja. Kuna sehemu utaanza kuona mikunjo inarudi, kivuli kinatokea pale petali moja inapoilalia nyingine, na ua linapata kina. Napenda sana hiyo hatua, kila mara.

Sasa haya yote unaweza usiyaone mwenyewe, na sababu ni kwamba wewe ulikuwepo pale. Umelinusa ua, umeliona kwa macho, kichwa chako kinajazia vilivyokosekana kwenye picha. Anayeiangalia kwa mara ya kwanza hana hayo, anacho ulichompa tu. Ila ukimuuliza "unaionaje" atakujibu nzuri sana, na anakujibu kwa upendo, shida ni kwamba haikusaidii kujua cha kufanya. Muulize jicho lako limetua wapi kwanza. Hata asiyejua kamera ni nini anaweza kujibu hilo! Atakwambia kwenye lile jani linalong'aa pale kona, au ule mti nyuma, na hapo unajua kazi iko wapi: fifisha ile kona, kropu kidogo (kata kingo za picha), au tuliza kijani cha nyuma maana kijani kikali kinashindana na ua hata kama kiko nje ya fokasi.

Maoni yatagongana, hilo lipo. Mmoja anataka ukropu mpaka ua lijae fremu, mwingine anataka nafasi lipumue. Mi siangalii sana wanachoshauri, naangalia wanalalamikia sehemu gani, kama wote wanarudi kwenye bua lile lile basi bua lina tatizo na namna ya kulitatua naamua mwenyewe. Wakishindwa kukubaliana kabisa naigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwa muda, nione kama umbo linasimama bila rangi kulibeba. Imogen Cunningham, mpiga picha wa Marekani, alipiga ua la magnolia kwa picha nyeusi na nyeupe miaka ya 1920, kwa karibu kabisa, na mpaka leo unaona mwanga ulivyopita kwenye kila petali.

Kuna maoni mengine hayana dawa kwenye kompyuta. Wakikwambia stameni, vile vijiti vya chavua katikati ya ua, hazijakaa vizuri, yaani fokasi imeangukia petali ya mbele, usihangaike na kunoa, kunoa kunaongeza chenga tu. Rudi ukapige. Ukiwa karibu hivyo f/2.8, yaani tundu la lenzi limefunguka sana, inakupa milimita chache tu za fokasi, namba ikipanda tundu linabana na fokasi inaongezeka, anzia f/8 mpaka f/11, ukivuka f/16 picha nzima inaanza kulainika. Kasi ya shata iwe 1/250 ya sekunde au zaidi kama kuna upepo, na kama mawingu yamefunika jua ndo vizuri zaidi, kile kimwanga laini kinazipendelea petali na hata ile nyekundu haijai haraka.