Nilivyoinasa protini isiyodumu palipo na oksijeni

Nilipoanza utafiti wangu wa uzamivu kuhusu saratani ya figo, nilitakiwa kuonyesha ni jeni zipi huwashwa pale seli ya saratani inapokosa oksijeni. Aliyeshika swichi alikwisha kujulikana: ni protini iitwayo HIF-1, ambayo Gregg Semenza na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza muundo wake mwaka 1995, na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 pamoja na William Kaelin na Peter Ratcliffe. Kazi yangu ilikuwa kuionyesha ikiwa kazini ndani ya seli nilizozikuza mwenyewe.

Ugumu uko kwenye HIF-1 alfa, sehemu ya protini hiyo inayotegemea oksijeni. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya maalumu huitumia kuitia protini hiyo alama, kisha protini nyingine, VHL, huitambua alama na kusababisha HIF-1 alfa ivunjwevunjwe, kiasi kwamba nusu yake hutoweka kwa dakika kama tano. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. Protini hujikusanya, huingia katika kiini cha seli, huungana na mwenzake HIF-1 beta na kushika DNA. Kwa hiyo ukizitoa seli kwenye inkubeta na kuzipeleka mezani, hewa ya chumba inaanza kukufutia ushahidi kabla hujafunua sahani.

Iko njia ya mkato inayopendwa kwa sababu ni nafuu: kumwagia seli kloridi ya kobalti, ambayo huvizuia vimeng'enya hivyo hata oksijeni ikiwa tele. Niliikataa. Kobalti ni sumu inayovuruga mambo mengine mengi ndani ya seli, na mimi nilikuwa nachunguza upungufu wa oksijeni, si kitu kinachofanana nao.

Nilitumia kabati lililofungwa lenye glavu ubavuni, linalolishwa naitrojeni na kabonidioksidi hadi oksijeni ishuke kufikia asilimia 1. (Hewa tunayovuta ina asilimia 21, kiwango ambacho seli nyingi za mwili hazikutani nacho kamwe, ajabu ni kwamba maabarani tunakiita cha kawaida.) Kimiminika cha kulishia seli nilikilaza humo tangu jana yake, maana nacho hubeba oksijeni iliyoyeyuka na huiachia polepole mno. Muda ulipotimia sikutoa sahani hata moja. Humo humo ndani, mikono ikiwa kwenye glavu, nilimwaga kimiminika, nikasuuza seli kwa maji ya chumvi yaliyopozwa kwenye barafu, nikaweka mchanganyiko wa kupasulia seli wenye dawa za kuzuia protini zisivunjwe, nikakwangua na kujaza vichupa. Vilipotoka nje, seli zilikuwa zimekwisha kufa na mashine yake ya kuvunjia protini imesimama.

Kwa ulinganisho nilichagua seli za RCC4, zilizotoka kwenye saratani ya figo na zisizo na VHL inayofanya kazi, pamoja na ndugu zao waliorudishiwa jeni hiyo. Baada ya kutenganisha protini kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili, mstari mweusi wa HIF-1 alfa ulionekana karibu na kilodaltoni 120 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). Kwa RCC4 zenyewe ulikuwepo hewani na kwenye asilimia 1 vilevile, kama nilivyotarajia. Kwa zile zilizorudishiwa VHL haukuonekana hewani, ila kwenye asilimia 1 ulikolea.

Bado mstari huo haukuthibitisha kwamba HIF-1 alfa ndiyo inayowasha jeni. Nilichukua seli zilizorudishiwa VHL, nikazinyamazishia HIF-1 alfa kwa vipande vifupi vya RNA, nikazirudisha kabatini na kupima jeni mbili. CA9, ambayo huisaidia seli kudhibiti asidi, ilishuka karibu na kiwango cha hewani. VEGFA, inayoita mishipa mipya ya damu kuelekea kwenye uvimbe, ilishuka kidogo tu, na sikushangaa sana, kwa kuwa katika seli za figo HIF-2 alfa, protini ndugu ya HIF-1 alfa, nayo huiamrisha jeni hiyo. Jaribio lililofuata likawa kunyamazisha HIF-1 alfa na HIF-2 alfa kwa pamoja.