Lisimamishe kwanza: nilivyochagua toroli langu la gofu

Nilikuwa nimeinama kwenye nyasi ndefu za shimo la 6, natafuta mpira, niliposikia Mzee ninayecheza naye akiita, "Mama! Toroli hilo linaondoka!" Nikainua kichwa. Toroli langu, lililobeba begi la fimbo zangu za gofu, lilikuwa limeshika njia. Mwanzoni halikuwa na haraka, liliteremka taratibu kama mtu anayekwenda kumjulia hali jirani. Kisha mwendo ukakolea, likaruka kichuguu kidogo, likajitosa bwawani. Kilichobaki juu ya maji ni gurudumu moja likizunguka, na kifuniko cha draiva, ile fimbo kubwa ya mikwaju mirefu, kikielea kama bata.

Tukavua viatu, mimi na Mzee, tukaingia. Fimbo zote 14 zilipatikana, na siku hiyo nilishukuru kwamba sheria hairuhusu zaidi ya hizo. Simu haikupona. Glavu zilikauka zikawa ngumu kama maganda.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba breki nilikuwa nimeifunga. Ilikuwa ya waya, ile unayoibana pale kwenye mpini kama ya baiskeli, na waya ukishatumika kwa muda hulegea. Unabana, unaona umefunga, kumbe breki imeligusa gurudumu kwa adabu tu.

Sasa, toroli lile hakunichagulia mtu. Nililichagua mwenyewe, na nililichagua kwa kulisukuma. Nilizunguka nalo dukani mara mbili likiwa na begi tupu, likateleza kama liko juu ya mafuta, nikaridhika. Lakini sakafu ya duka ni sakafu ya duka, hata kiti cha ofisini kingeteleza pale.

Nilipofika nyumbani na nguo zangu za matope nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mapema. Mimi hupiga mikwaju kama 95 kwa mashimo 18. Ondoa ile ya kwenye grini, zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo, ambako toroli halikanyagi. Bado nalisimamisha mara 60 na ushee kila raundi, na mara nyingi mahali penyewe si tambarare. Raundi yetu huchukua saa 4 na kitu, na sehemu kubwa ya muda huo toroli limesimama linanisubiri nikague mstari, nibadili fimbo, nikosee. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kusimama kwa kukijaribu kutembea.

Labda nianze nyuma kidogo, maana kuna wanaojiuliza kwa nini usibebe tu begi mgongoni. Nilibeba miaka mingi. Siku moja nilipanda nalo kwenye mizani ya bafuni, nikatoa uzito wangu, ikabaki kilo 13: fimbo, mipira, maji, koti la mvua, mwavuli, na takataka ambazo nilikuwa sizijui. Kilo 13 kwa mwendo wa kilomita 8 au 9, bega moja likishuka kuliko jingine. Ikafika siku nikashindwa kuvaa blauzi bila kuomba msaada.

Na anayebeba kwa ajili ya mazoezi asidhani akisukuma anayakosa. Kuna utafiti wa Neil Wolkodoff kule Denver, Marekani, uliopima wachezaji wachache wakicheza mashimo 9 kwa namna tofauti. Waliobeba begi walichoma kalori 721, waliosukuma toroli 718. Hizo kalori 3 nawaachia wenye mabega yao.

Toroli langu la kwanza kabisa lilikuwa la magurudumu mawili, la kuvuta. Ni jepesi, linakunjika upesi, na halina cha kuharibika. Lakini ukilivuta, sehemu ya uzito wa begi inakaa mkononi mwako, na mkono wenyewe umepinda nyuma ya mwili kwa saa nzima nzima. Bega langu lilitoka kwenye kubeba likaingia kwenye kuvutwa. La magurudumu matatu hubeba uzito wote lenyewe, wewe kazi yako kuliongoza kwa viganja. Kwa mtu mwenye bega au mgongo mbovu sioni mjadala hapo.

Basi baada ya bwawa nilirudi kutafuta jingine, na safari hii nilikwenda na begi langu, limejaa vile vile linavyojaa siku ya mchezo. Muuzaji alinitazama kama nimekuja kuhamia.

Nilianza na breki. Nilitaka ya kukanyaga kwa mguu, ile inayoingiza pini kwenye meno yaliyo ndani ya gurudumu la nyuma. Hii haitegemei waya kubana kitu, pini ikishaingia kwenye jino gurudumu halina pa kwenda. Ila ina tabia yake: ukikanyaga wakati pini iko juu ya jino badala ya kati ya meno, toroli litasogea kidogo kabla pini haijadondoka mahali pake. Asiyejua atadhani breki ni mbovu. Anayejua anakanyaga, analisukuma kidogo kwa goti, anasikia "ka!", ndipo anaondoka. Dukani niliomba ule ubao wa mteremko wanaopitishia mizigo, nikaliweka toroli juu yake na begi zima, nikafunga breki, nikarudi nyuma hatua tatu. Nikafanya hivyo kwa matoroli matatu. Mawili yalikaa. Moja lilisimama vizuri halafu likaanza kugeuka lenyewe, kwa sababu breki yake inashika gurudumu moja tu la nyuma. Hilo nalo likarudi kwenye safu.

Gurudumu la mbele ndilo lililonichelewesha. Kuna la kuzunguka pande zote na kuna lisilogeuka. Lile la kuzunguka linapendeza sana mahali pa tambarare, unaligeuza toroli kwa kidole kimoja. Ukifika kwenye ardhi iliyolala upande, ndilo la kwanza kufuata mteremko, na wewe unabaki kulipinga kwa mkono mmoja njia nzima. Afadhali liwe na kitasa cha kulifunga lisigeuke. Lisilogeuka unalikatisha kona kwa kukandamiza mpini ili pua inyanyuke, kisha unageuza kwa magurudumu ya nyuma. Ukizoea hata hufikirii. Nilichukua hilo. Lakini liangalie likienda lenyewe: lisukume mbele kwenye sakafu tambarare, uliachie. Likivuta kushoto au kulia, uliza skrubu ya kunyoosha gurudumu la mbele iko wapi. Matoroli mengi mazuri yanayo. Langu lilikuwa linavuta kushoto, tukalinyoosha pale pale kwa mizunguko miwili.

Matairi sikuyafikiria sana. Yenye upepo ni laini zaidi kwenye mashimo na mizizi, yenye sponji ngumu ndani hayapati pancha. Mimi si mtu wa kubeba pampu.

Kinachosahaulika na karibu kila mtu ni begi lenyewe litakavyokaa. Kama una begi la miguu, ile inayofunguka ukiliinamisha, sahani ya chini ya toroli inaweza kukigusa kile kibati cha chini kinachofungua miguu. Ukifunga mkanda, miguu inajaribu kutoka. Unatembea na toroli lenye miguu mitano. Kuna matoroli yenye nafasi iliyokatwa makusudi kwa ajili ya kibati hicho, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kulipandisha begi lako hapo. Muuzaji alinihakikishia kwamba la kwanza "linakubali begi lolote". Tulipolifunga langu, mguu mmoja ukachomoka ukampiga mwenyewe kwenye goti. Hakusema tena lolote kuhusu begi lolote.

Halafu liko suala la begi kujizungusha. Kwenye eneo la mwinamo begi hugeuka taratibu ndani ya mikanda, unafika kwenye mpira unakuta mfuko wa mipira uko chini na patta, ile fimbo ya kwenye grini, imegeukia upande usioujua. Toroli langu lina mikanda ya mpira yenye kulabu, nami nimebandika kipande cha zulia la mpira, lile la kuzuia vitu kuteleza kwenye droo, pale begi linapoegemea. Halijageuka tangu siku hiyo.

Mpini ni jambo la watu wafupi na watu warefu, wa katikati hawatanielewa. Mimi nina sentimita 157. Matoroli kadhaa niliyojaribu, mpini ukishushwa mpaka mwisho bado ulinifika kifuani, na ukisukuma kitu kilicho kifuani unasukuma kwa mabega. Nilitaka uwe usawa wa kiuno au juu yake kidogo, kiwiko kimekunjika kidogo tu. Tazama pia ile kona ya kurekebishia kimo. Ikiwa inashikwa na meno, vizuri. Ikiwa inashikwa kwa kukazwa tu, jaribu kukandamiza mpini kwa uzito wako, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa ukifanya kila kona.

Uzito wa toroli lenyewe watu huuzungumzia mno. La kilo 6 na la kilo 8, ukishayaweka chini juu ya magurudumu yake, hutajua lipi ni lipi. Utajua mara mbili tu: kulitia kwenye buti ya gari na kulitoa. Kilicho kikubwa kuliko uzito ni umbo likikunjwa. Kabla ya kwenda nilikata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo vya nafasi inayobaki ndani ya buti begi likishaingia, nikaenda nalo dukani. Toroli moja lililokunjwa likawa kama mkoba mdogo, zuri la kupendeza, lakini lilikuwa nene kuliko boksi langu kwa upana wa viganja viwili. Jingine lilikuwa refu na bapa, likalala humo bila matata. Na likunje mwenyewe, usimwache muuzaji akukunjie. Yeye analikunja mara ishirini kwa siku. Wewe utalikunja umechoka, mvua inanyesha, vidole vina tope.

Mapambo mengine sikuyajali. Kishikio cha mwavuli nilikichukua, nikajuta siku ya kwanza ya upepo, kwani mwavuli uliofunguliwa ni tanga, na toroli si jahazi. Sehemu ya chupa ya maji haikuchukua chupa yangu. Kibao cha kadi ya alama ni kizuri. Ya umeme siyasemi, hayo yana betri na mambo yake.

Sasa nina mwaka na miezi na toroli hili. Kila nikimaliza nafuta mchanga na vipande vya nyasi kwenye ekseli, na magurudumu nayachomoa kwa kitufe nayaosha chini ya bomba. Mafuta ya kawaida siyatii, yanakusanya mchanga yakawa msasa. Mwezi uliopita lilianza kulia, mlio mwembamba kama wa panya, na Mzee akadai ndio uliomharibia mkwaju. Ulikuwa ni uzi wa nyasi uliojizungusha kwenye ekseli mara zisizohesabika.

Mara moja nililipiga kwa mpira wangu mwenyewe. Mpira ulitoka kwenye kisigino cha fimbo, ukaenda kulia kwa hasira, ukaligonga toroli "paa!" ukarudi kwenye nyasi fupi. Mzee akaanza kunihesabia adhabu. Nikamkumbusha kwamba tangu 2019 mpira ukigonga kifaa chako kwa bahati mbaya hakuna adhabu, unaucheza ulipo. Alinyamaza mashimo mawili.

Jumamosi tulifika tena shimo la 6. Mpira wangu ulikuwa karibu na pale pale. Nililigeuza toroli likae pembeni ya mteremko, nikakanyaga breki, nikalisukuma kwa goti, "ka!" Mzee alikuwa ameegemea fimbo yake ananitazama, tayari kabisa kwa kucheka. Toroli halikutikisika. Nikachomoa fimbo ya chuma namba 8, nikajipanga, nikapiga vizuri kabisa, na mpira ukaenda katikati ya bwawa.