Dakika ya pili na sekunde arobaini

Jumapili, saa nne usiku. Moshi.

Mvua imeanza saa moja na haijapumzika. Nyumba ninayopanga hapa Pasua ni ya bati bila dari, kwa hiyo masika yakiingia ualimu wangu wa mtandaoni unasimama, nabaki mpangaji anayesikiliza bati. Na leo nilikuwa nimeshajipanga: simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamusi nyuma yake isianguke, kanga mbili nimezitundika dirishani ili sauti isigonge ukuta na kunirudia. Nimerekodi mara mbili, nikasikiliza, nikasikia kama mtu anafundisha jiografia kutoka ndani ya mashine ya kusaga. Nimeacha.

Basi nikafanya jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu Januari. Nimefungua takwimu za video zangu.

Kwa asiyejua: YouTube humwonyesha mwenye chaneli mstari mmoja, unaanzia juu kushoto na kuteremka kuelekea kulia. Kila mahali unaposhuka, kuna watu wamefunga video wakaenda zao. Mwalimu mwenzangu wa hesabu ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza, na sijui nimshukuru au nimnunie.

Nilichagua video yangu ninayojivunia, ile ya mvua za milimani, dakika kumi na moja. Nilianza vizuri, nasema bila aibu. Naeleza jinsi upepo unavyotoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unavyofika kwenye mlima wetu, Kilimanjaro, na kukosa pa kupita, unapanda, unapoa, unaumwaga mzigo wote upande wa kusini. Ndiyo maana Kibosho na Machame migomba inashindana na watu kwa nafasi, na ukizunguka upande wa pili kuelekea mpaka wa Kenya unakuta vumbi na migunga. Mlima mmoja, mita 5,895, umewagawia watu maisha mawili. Hapo mstari umelala karibu sawa. Watu wapo.

Dakika ya pili na sekunde arobaini, mstari unadondoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nikarudisha video nisikie kumetokea nini. Intaneti haikukatika. Hakuna jogoo aliyewika. Nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe ikisema: "Haya, sasa andikeni."

Baada ya hapo nasoma notsi. Dakika nane na ushee, nasoma notsi.

Nimefundisha miaka kumi na minne na nimetamka "sasa andikeni" mara ambazo siwezi kuzihesabu. Darasani hakuna anayeondoka nikisema hivyo. Vichwa hamsini na kitu vinainama kwa pamoja, kalamu zinaanza kukwaruza, na mimi huwa natembea katikati ya madawati nikiwa na amani moyoni, nikidhani huko kuinama ndiko kujifunza. Leo nimejiuliza: kama wangekuwa na kitufe cha kunifunga kama kile cha simu, wangeinama wangapi? Jibu lilikuwa mbele yangu. Kati ya kila kumi waliokuwapo, walibaki watatu.

Nikazima simu, nikachemsha chai ya tangawizi. Nikaiwasha tena.

Tuliingia kwenye mambo haya kwa kusukumwa, hilo nalikumbuka. Katikati ya Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Katikati hapo mkuu wetu alituambia tufanye "chochote kinachowezekana", na kilichowezekana kwangu kilikuwa grupu la WhatsApp la wazazi na sauti za dakika mbili mbili nilizozirekodi usiku. Zilikuwa fupi kwa sababu bando lilikuwa langu na bando lilikuwa lao. Sikuwa na muda wa kusoma notsi. Nilisema jambo moja, nikauliza swali moja, basi. Nikizisikiliza leo zile sauti, pamoja na mbwa wa jirani anayebweka ndani yake, naona nilikuwa mwalimu mzuri kuliko huyu wa dakika kumi na moja mwenye kanga dirishani. Nilipopata simu nzuri zaidi nikaanza kujiona studio.

Na wanafunzi wenyewe, watu wakisema "masomo ya mtandaoni" hufikiri ni mtoto na kompyuta yake. Shuleni kwetu simu haziruhusiwi kabisa. Wanangu wananitazama Jumamosi jioni na wakati wa likizo, kwa simu ya mama, mama akishamaliza kuitumia. Ndiyo maana maoni chini ya video zangu yanatoka kwenye akaunti zenye picha za kina mama waliovaa sare za harusi, na maandishi yanasema, "Shikamoo Madam, naomba urudie pale pa mito." Kuna mama mmoja nilikutana naye sokoni Mbuyuni akaniambia sasa anajua maana ya mmomonyoko kuliko mwanawe, kwa sababu mtoto akilala yeye anamalizia video. Huyo huenda ni mmoja wa wale watatu.

Salman Khan, yule Mmarekani wa Khan Academy, huwa anasimulia kisa kinachonigusa. Mwaka 2004 alianza kumfundisha binamu yake hesabu, yeye yuko Boston, binti yuko New Orleans. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo hayo YouTube. Baadaye binamu zake wakamwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Anasimulia kama kichekesho, lakini anaeleza na sababu: kwenye video waliweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma, kurudia jambo walilopaswa kulijua tangu mwaka juzi, bila mtu kuwauliza "umeelewa?" huku anasubiri. Mimi nimeuliza "mmeelewa?" maisha yangu yote na jibu ni lile lile, "Ndiyooo Madam", kwa wimbo. Ukutani kwa mkuu wa shule kuna rasimu ya mpango wa kununua projekta. Sina shida na projekta. Ila itanikuza mimi na notsi zangu ziwe za mita mbili.

Nilimpigia mama yangu Marangu, maana huwa halali mapema mvua ikinyesha. Nilimweleza kuhusu ule mstari. Alicheka sana, halafu akaniambia habari ya "Mtu ni Afya". Mwaka 1973 alikuwa msichana mkubwa, hajaolewa, na serikali iliendesha kampeni hiyo kwa redio kwa wiki kumi na mbili, watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakashiriki, mambo ya malaria, choo, maji safi. Nilidhani atasema walikaa wakasikiliza redio. Akasema hapana, redio ilikuwa kidogo tu. Walikaa kikundi, kuna kiongozi aliyepewa mafunzo, kuna kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa.

"Halafu ndiyo tunaanza kubishana," akasema. "Mzee mmoja alikataa katakata kwamba mbu ndiye analeta homa. Tulibishana naye wiki mbili. Wiki ya tatu tulikwenda wote kufyeka kwake."

"Aliamini?"

"Hata. Alisema tufyeke tu, nyoka."

Wale watu wa redio walijua kuwa sauti yao itakoma na watu watabaki wenyewe, wakapanga kitu cha kufanya baada ya hapo. Mimi video yangu ikiisha inafuatia video ya mtu anayepika pilau.

Kuna mzazi, baba, hunisumbua kuhusu lugha. "Madam, mtihani ni wa Kiingereza, kwa nini unafundisha mtandaoni kwa Kiswahili?" Anayo hoja, na darasani hufuata utaratibu. Lakini maswali ninayoulizwa kwa Kiingereza ni ya aina moja, yale ya kitabuni. Nikieleza kwa Kiswahili naulizwa kwa nini theluji ya Kibo, kilele cha mlima wetu, inaonekana asubuhi na saa nne imefichwa na mawingu. Nimeamua kuweka istilahi za Kiingereza kwenye kioo, mdomo uendelee na Kiswahili. Bado ananiandikia.

Na kituo kimoja cha twisheni, sikitaji, kiliichukua video yangu ya mito nzima nzima, kikaweka nembo yake juu ya paji la uso wangu. Nilikasirika siku tatu. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999 na nilikuwa tayari kuisoma yote. Siku ya nne nikakumbuka kwamba picha ya volkano iliyomo ndani ya video hiyo hiyo niliitoa intaneti bila kumwomba mtu. Sasa nachora mwenyewe, kwa chaki, kwenye ubao uliokatika. Volkano zangu zinafanana na chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kinachofurika, ila ni zangu.

Niliyotaka kuyaandika hasa ni haya. Likizo ya Desemba niliwaambia kidato cha tatu, anayeweza kupata simu nyumbani alete klipu ya dakika moja ya umwagiliaji. Walioleta ni tisa. Mmoja ni binti wa Kibosho, mkimya, wa dawati la nyuma, ambaye miaka mitatu sijamsikia sauti zaidi ya "hadhiri". Alikwenda kwa babu yake mwenye zamu ya maji kwenye mfongo, ile mifereji ambayo Wachaga walikuwa nayo kabla Mjerumani hajafika. Babu akakataa kurekodiwa. Akampa mgongo. Binti akarekodi kilichobaki: maji yanakuja mekundu yakisukuma majani makavu, jembe linapasua ukingo, mikono ya mzee inashindilia kipande cha mgomba na tope kuziba mkondo wa jirani ili maji yageukie kwake. Klipu inatikisika. Ina kidole cha binti kwenye kona. Mzee anasikika akisema kwa Kichaga maneno ambayo binti hakuyatafsiri, na mimi mzaliwa wa Marangu nimeelewa nusu na hiyo nusu siiandiki.

Niliipandisha Februari kwa ruhusa ya wote. Leo nimeangalia mstari wake. Kwenye sekunde ya thelathini na nne, pale mgomba unaposhindiliwa, mstari unapanda. Nilidhani simu imeharibika. Nikamtumia ujumbe mwalimu wa hesabu, akajibu: "Wanarudisha nyuma kuangalia tena." Sina video hata moja inayopanda.

Nimejaribu kueleza kwa nini na kila sababu ninayoipata haitoshi. Kwamba ni kitu cha kwao? Mvua za Kibosho nazo ni za kwao. Kwamba ni fupi? Nina fupi nyingine zinazokufa sekunde ya kumi. Nadhani ni kwa sababu binti hakuwa anajua mzee atafanya nini baadaye, na hiyo simu inaonekana kabisa kuwa haijui. Inachelewa, inakimbilia mikono. Mimi nikirekodi huwa ninajua kila kitu tangu mwanzo, na inasikika.

Darasa lililofuata niliwauliza, bila kuandikisha: aliyeko chini ya mfereji afanyeje aliye juu akichelewa kufunga? Kipindi kiliisha hatujafika popote, kengele ikalia watu wamesimama. Binti alizungumza mara mbili. Alisema babu ana daftari la zamu kichwani na haliandikwi popote.

Ijumaa alinifuata nje ya ofisi ya walimu.

"Madam, babu ameiona."

Moyo ukanilipuka. "Amekasirika?"

"Hapana. Mjomba alimwonyesha. Ameangalia mara nyingi." Akanyamaza, akatazama viatu. "Amesema mvua zikikatika nije tena na simu. Lakini siyo siku ya zamu yake. Anataka nije usiku, siku ya zamu ya jirani."