Jinsi Daftari Lilivyonionyesha Chanzo cha Hasira Zangu

Tangu nilipohamia Dodoma kikazi, nilikuwa nikirudi nyumbani Area C kutoka Mji wa Serikali Mtumba nikiwa na hasira nisiyojua ilikotoka, na waliokuwa wakiumia ni mke wangu na watoto. Kila usiku niliandika katika kaunta buku, lakini niliorodhesha matukio tu: kikao, foleni, vumbi. Orodha ya namna hiyo haimfunulii mtu nafsi yake.

Nilichokibadili kilitokana na utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa Marekani mwaka 1986, ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioeleza tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi.

Basi chini ya kila tukio nikaandika mwili ulihisi nini na maneno gani niliyameza, huku ukurasa wa kushoto nikiuacha wazi kwa ajili ya kusoma upya mwisho wa mwezi, kwa kalamu nyekundu. Nadhani kusoma upya ndiko kulikonisaidia zaidi, kwa kuwa niligundua kwamba hasira haikutoka ofisini hata kidogo, bali ilinipanda kila ndugu zangu wa Kondoa walipopiga simu kuomba fedha, nami nikaitikia ilhali moyo unakataa.

Nilimwendea kaka yangu mkubwa nikamwambia, “Kaka, shikamoo. Naomba tupange kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi.” Alikubali bila kinyongo, na zile hasira za jioni zimepungua sana.