Nilivyochagua kati ya MGB na Triumph TR6

Ukitaja magari haya mawili ya wazi mbele ya wapenzi wa magari ya zamani hapa Uingereza, utatajiwa kwanza nguvu farasi: MGB 95, TR6 150. Ukiishia hapo, hakuna cha kulinganisha. Mimi naishi Coventry, mji uliounda TR6, na watu wa hapa wanaitetea kwa moyo. Fedha niliyonayo ilitosha gari moja, kwa hiyo nilitaka kujua hizo 150 zinapatikana kwenye TR6 zipi hasa.

Nilianza na miaka. MGB iliundwa mji wa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, injini ya silinda nne, cc 1798, ikilishwa na kabureta mbili (vichanganyaji vya petroli na hewa) za kampuni ya SU. Hadi 1964 krenki yake (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ilishikwa na beringi kuu tatu. Baada ya hapo tano, na injini ikawa imara kweli kweli. Mwishoni mwa 1974 gari likapewa bampa za mpira na bodi ikainuliwa ili kutimiza sheria za Marekani, na utulivu wake kwenye kona ukapungua. Hizo za bampa za mpira nilizifuta mapema.

TR6 ilianza kuundwa mwishoni mwa 1968 ikaishia 1976. Silinda sita, cc 2498. Zilizouzwa Uingereza zilikuwa na mfumo wa kampuni ya Lucas wa kupuliza petroli ndani ya injini bila kabureta. Za Marekani zilifungwa kabureta za Stromberg na kubaki na farasi kama 104 tu. Halafu, hata za Uingereza, kuanzia modeli za 1973 kitabu cha gari kinaandika 125. Sehemu ya upungufu huo ni kamshafti (shafti inayofungua vali za injini) iliyopunguzwa ukali, sehemu nyingine ni kubadili kipimo kuwa cha DIN, kanuni ya Kijerumani ya kupima nguvu. Yaani farasi 25 hazikupotea zote barabarani. Nyingine zilipotea kwenye karatasi.

Nikagawanya uzito kwa nguvu. MGB ya mwanzo ina kama kilo 920, karibu kilo 9.7 kwa kila farasi. TR6 ina kama kilo 1,120: ukitumia 150 unapata 7.5, ukitumia 125 unapata 9. Tofauti iliyokuwa kubwa mno ikawa ndogo. Hata hivyo TR6 ya 150 ni kali: kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa inachukua sekunde nane na ushee, MGB kama 12.

Wenye magari walinikubalia niyaendeshe yote mawili kwenye barabara ile ile. TR6 inavuta kutoka chini bila kuomba gia, na sauti ya silinda sita sijaisikia nzuri zaidi kwingine. Magurudumu yake ya nyuma yana springi za kujitegemea, lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu mkia unakaa chini na pua inainuka. MGB ina ekseli nzima nyuma na springi za vyuma bapa, ubunifu wa kizee kabisa, ila usukani unakueleza kila kitu barabara inachofanya.

Kilichoamua ni kutambaa chini ya magari. TR6 ina chasisi (fremu ya chuma) ya peke yake, na kutu hula pale mikono inayoshika magurudumu ya nyuma inapofungwa. Vishikio vya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) navyo hupasuka, hasa pale dereva anapoachia klachi kwa ghafla. MGB haina chasisi. Vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyobeba gari, hivyo vikioza gari limeoza. Lakini bodi mpya za MGB zimekuwa zikiundwa tena na British Motor Heritage tangu 1988, na kabureta za SU naweza kuzirekebisha mwenyewe uani. Pampu ya Lucas ingenihitaji fundi bingwa.

Nikanunua MGB ya 1971, bampa za kromu, yenye ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini) kwenye gia ya tatu na ya nne. Kwenye barabara kuu mizunguko ya injini inashuka na gari linatulia. Nikipata fedha nyingine, TR6 nitakayoitafuta ni ya kabla ya modeli za 1973.