Bima ya gari na mtaa wa maskini, Baltimore

Nimepokea barua ya kampuni ya bima ikinijulisha kwamba malipo ya gari langu yamepanda kwa zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Gari ni lile lile na sijapata ajali wala faini. Kilichobadilika ni anwani tu, kwa kuwa nimehamia magharibi mwa Baltimore, ambako kodi ya nyumba ni nafuu. Ndugu mnaojiandaa kuja Marekani, kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, ulizeni kwanza bima ya anwani hiyo, kwa maana unafuu wote wa kodi unaweza kuishia huko.

Kampuni za bima hupanga malipo kwa kuangalia pia hatari ya mtaa, nami sikatai kwamba uhalifu upo. Kuanzia 2015 hadi 2022, watu zaidi ya 300 waliuawa jijini humu kila mwaka, na ingawa mwaka 2024 idadi ilishuka hadi karibu 200, milio ya risasi bado tunaisikia usiku. Kinachoniuma ni kwamba anayelala na hofu hiyo ndiye huyo huyo anayetozwa gharama yake. Jirani yangu, mama anayehudumia wazee, hutoka alfajiri kuwahi basi, na kila Jumamosi husugua kwa brashi ngazi za marumaru nyeupe za mlango wake, ilhali nyumba anayopakana nayo ukuta imezibwa madirisha kwa mbao na paa lake limeporomoka. Hajamwibia mtu chochote, lakini kwenye hesabu za bima amewekwa fungu moja na wezi wa magari.

Mtaa huu haukujiharibikia wenyewe. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ya kutenga makazi ya Weusi na Weupe. Mahakama ya Juu ilipoziharamisha sheria za aina hiyo mwaka 1917, ubaguzi ulitafuta njia nyingine, na katika miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali kuu zikapaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, ikahesabiwa kuwa haifai kukopeshwa. Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa makazi, lakini kazi nazo zilikuwa zikiyeyuka: kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, kilichowahi kuajiri makumi ya maelfu ya watu, kilifungwa mwaka 2012. Kijana aliyerithi hayo yote huambiwa kwamba tatizo ni tabia yake. Wapo hata Waafrika Mashariki wenzetu, waliokwisha kuhamia vitongoji vya nje ya jiji, wanaoyarudia maneno hayo mbele ya watoto wao. Nawaomba waache, kwa sababu watoto hao wakisimamishwa na polisi barabarani hawaulizwi kwanza wazazi wao walitoka wapi.